Ukungu wa Madirisha Yako

Mpendwa Baba Nekesa,

Neno hilo la kwanza ni desturi tu. Mwalimu wa masomo ya jioni kanisani alitufundisha kwamba barua huanza hivyo, nami sijui njia nyingine.

Jana ndugu yako alifika hapa Mabanga kwa baba yangu. Alikunywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema: "Shemeji, kaka anaomba urudi. Nyumba inaharibika bila mtu."

Nyumba. Hukuniulizia mimi, wala mtoto. Basi nitakujibu juu ya hiyo nyumba.

Unakumbuka siku lori lilipokuleta kutoka Kitale na yale madirisha matatu ya kioo, umeyafunga kwa magunia? Ulikuwa fundi wa mbao kwenye shamba la mzungu, naye alipobomoa upande mmoja wa nyumba yake, ukamwomba madirisha. Majirani walijaa uani kutazama. Mimi nilikushikia fremu, wewe ukapaka puti, ule unga laini wa kushikiza kioo, kuzunguka pembeni kwa kidole gumba, unaimba. Siku ile nilikupenda sana, acha niseme ukweli. Halafu ukayapigilia misumari yasifunguke.

"Sasa upepo utapita wapi?" nikakuuliza.

Ukacheka. "Wewe umezaliwa kwa nyumba ya nyasi, utajua nini maneno ya kioo?"

Tukahamia kuta zikiwa bado mbichi, kwa sababu ulitaka wazee wa kanisa waibariki nyumba kabla hujarudi kazini. Mvua ikaanza. Kila asubuhi vioo vilitoka jasho, maji yakatiririka mpaka kwenye puti, na pale pembeni ukaota ukungu mweusi. Niliusugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa mafuta ya taa. Niliusugua mpaka puti yenyewe ikaanza kumeguka. Siku chache tu, ukungu umerudi.

Nawe ukaja likizo. Wazee walikuwa wamekaa, vikombe mkononi, mama yako kando yao. Ukapitisha kidole dirishani, ukawaonyesha weusi wake.

"Mnaona? Nyumba nimejenga. Mke ndiye sijapata."

Walicheka, Baba Nekesa. Mama yako akasema, "Si nilikuambia hawa wa Mabanga ni wachafu?" Nilikungoja useme neno. Ulikuwa unapangusa kidole chako kwa leso niliyokufulia mimi.

Nilirudi kwetu na nguo zangu kwa kitambaa. Nekesa mkambakiza, ati ni wa ukoo wenu. Hakuwa hata ameacha kunililia usiku.

Ukamleta Rosa kutoka Kitale, msichana wa viatu na nguo za pasi. Nilisikia unavyomsifu, nikameza. Mvua iliyofuata, nikamwona huyo Rosa anaingia kwa boma letu kwa miguu, amembeba Nekesa mgongoni. Nilikuwa nimemwekea matusi tayari. Kumbe hata kabla sijafungua mdomo, nikasikia kifua cha mwanangu kinavyokoroma.

"Dada, mtoto halali, anakohoa tu," akaniambia. "Mimi nimesugua yale madirisha mpaka mikono imebabuka. Juzi Baba Nekesa ameita wazee, akawaonyesha kidole cheusi, akarudi kazini. Nimekuletea mtoto wako. Mimi naenda kwetu."

Tulimpeleka pamoja hospitali ya misheni, Lugulu. Tulikaa benchi moja, wake zako wawili, Nekesa amelala katikati yetu, kichwa kwangu na miguu kwake. Rosa alikuwa analia. Mimi sikuweza kulia, nilikuwa na hasira mno. Tulikutumia habari Kitale na dereva wa lori. Ulimjibu kwamba kazi ni nyingi. Tukangoja hata hivyo, wajinga sisi, kila mlango ukifunguliwa tunainua macho.

Sirudi. Sema na wazee wako waje wakae humo, au ung'oe misumari mwenyewe, mkono wa fundi unao. Na usimtume ndugu yako tena; ni mtu mzuri, anaona haya kubeba maneno yako.

Nekesa amepona. Anakimbia mpaka kisimani na kurudi bila kusimama kuvuta pumzi. Juzi aliniuliza uko wapi, nikamwambia uko Kitale, kazini.

Hakuuliza utakuja lini.

Ishi salama na nyumba yako.

Ni mimi,
Mama Nekesa