Baridi ya Jua

Jumatatu, 3 Machi

Meneja kaja na habari njema. Chumba chetu cha baridi kimefaulu: mwaka mzima kimetunza maziwa ya ng'ombe wa akinamama wa hapa kwa nguvu ya jua tu, bila tone la dizeli. Nikafurahi kama mjinga. Kisha akamalizia: kwa kuwa majaribio yamefaulu, yamekwisha. Lori linakuja Jumamosi, mitambo inapelekwa kujaribiwa kwingine. Kuifungua ni kazi yangu, fundi ni mimi. Na nisimwambie mtu, akinamama wasije wakaleta fujo.

Ukifeli wanafunga, ukifaulu wanafunga. Sasa mtu afanyeje?

Nyumbani wifi kanipokea na chai. Nimeshindwa hata kumtazama.

Jumanne, 4 Machi

Wifi ndiye niliyemng'ang'ania aache kuchoma mkaa. Nunua ng'ombe, nilimwambia, maziwa hayatachacha tena, mimi nipo. Akalibomoa tanuri lake kwa mikono yake mwenyewe.

Leo kaniuliza mbona nimenuna. Nikasema jino. Kaniletea karafuu nibane. Nimekaa nayo mdomoni jioni nzima, na jino zima kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaongeza ng'ombe wa pili! Kampa jina langu, eti naye ana uso wa kununa. Wote wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Nimemwambia mume wangu ukweli. Kasema hayo ni yangu na dada yake, yeye hayumo, akaendelea kupiga pasi shati. Dada yake wa tumbo moja.

Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, wifi sina. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia ndani ya chumba cha baridi. Niliingia asubuhi na spana mkononi, madumu ya maziwa yamejaa mpaka mlangoni. Nageuka — wifi. Kanirushia blanketi lake, kafunga mlango, kisha kufuli.

Kumbe dereva wa lori alipotea njia, akamuuliza yeye: kile chumba tunachokuja kukibomoa kiko wapi? Siri niliyoibana wiki nzima, mwenzangu kaimwaga akiwa kwenye usukani.

Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Nje lori linapiga honi. Akinamama wameketi mlangoni, hawabanduki. Meneja alianza kwa kubembeleza, sasa anafoka. Ananipigia kelele mimi: zima mtambo, maziwa yakianza kuharibika watafungua wenyewe.

Kweli watafungua. Swichi hii hapa, kando ya goti langu. Nisipoizima, jua ndilo hilo linapanda, na kadiri linavyowaka huko nje ndivyo ninavyotetemeka humu. Na niliunganisha nyaya hizi mwenyewe, kwa majigambo. Vidole vimeanza kukataa kalamu.

Wifi kagonga taratibu.

"Wifi, unasikia baridi?"

"Naisikia."

"Basi kinafanya kazi. Waambie hao."

Meneja anaita tena, nizime. Nimejifunika mpaka kichwani. Blanketi la wifi bado linanuka moshi wa mkaa.