Mama Brian Wako Wanne

Kanini dada yangu,

Bwana asifiwe. Habari ya huko? Kifua kimepoa sasa? Mimi ni mzima, ila hili dawati letu la kadi pale kliniki ya watoto limenizidi bila wewe.

Zile kadi za karatasi zimeingizwa kwa kompyuta. Daktari akaniambia niwaandikie wale wa programu, huko mjini, jinsi tunavyotaka mtoto atafutwe. Nikaandika mstari mmoja: "Mtoto atafutwe kwa jina la mama." Wakafanya hivyo hivyo. Jumatatu akaja mama mmoja wa Kabiria. Jina la mama? "Mama Brian." Nikabonyeza, faili ikafunguka, sindano ikajazwa. Kumbe Brian ni kifungua mimba, yuko darasa la nne, na huyu wa mgongoni ni Faith! Mama akaruka: "Wewe! Si hii mlimdunga juzi tu?" Tuna Mama Brian wanne, Kanini, na faili iliyofunguka ni ya mtoto wa mwingine. Nililia chooni.

Daktari akasema, "Mercy, hii tumpe mtu wa digrii." Nikamwomba hadi Ijumaa. Unakumbuka ulivyonitania? "Hao wa kompyuta hawajabeba mtoto mgongoni, waandikie mpaka fundo la leso." Basi nimewaandikia. Jina la kwenye kitambulisho. Jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Wakifanana wawili, kompyuta isichague. Iwaonyeshe wote, ingoje niulize.

Halafu jana nikafika mahali nimeandika, "Simu ya mama: lazima." Nikajaribu na Neema wako, ambaye sasa shosho, bibi yake, ndiye humleta kutoka Mutuini. Simu ya mama... Nikaweka kalamu chini. Nikaomba. Nikaishika tena: "Mama akiwa ametangulia mbele za Mungu, jina lake lisifutwe. Simu iwe ya anayemlea. Kompyuta isimkatae mtoto."

Kesho naipeleka mjini mwenyewe. Watasoma kwa sauti nikiwa hapo, na watakapokwama nitaandika upya. Wakisema sijasoma, nitawaambia ni kweli, ndiyo maana sikuacha kitu nikidhani wanakijua.

Pumzika, dada. Nakuahidi mbele za Mungu: Neema hatadungwa sindano ya mtoto mwingine, wala mtoto wa mtu yeyote anayepita kwangu. Kama kuna mahali nimesahau, niambie, hata kwa ndoto. Nijibu haraka.

Wako,
Mercy