Nguo Nyeupe za Watoto wa Kambini

Kambi ya vibarua, shamba la kahawa,
Ruiru

Dada yangu Mghoi,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua za masika. Sijakusahau. Kila nikishika kalamu naona nitakutia hofu bure. Mama anaendeleaje na mgongo? Sisi tu wazima, ila Baba Wakio mashine ya kumenya kahawa imemtia uziwi kidogo.

Dada, hali ya hatari huku haijaisha. Askari wanapita katikati ya miti ya kahawa na bunduki, wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Na watoto wa kambini hawana pa kuchezea. Bembea ziko kwenye klabu ya wazungu, ndani ya ua. Basi sisi tukichuma, wao wanacheza kujificha humo humo mitini. Juzi askari akaona matawi yanatikisika, akainua bunduki. Nikatupa kikapu, nikamwita Wakio. Kimya. Askari akafoka aliyemo atoke. Nikapita mbele ya bunduki, nikamvuta mwanangu kwa mguu.

Nilimchapa, halafu nikalia. Nikamwuliza mbona hakuitika. Akasema, "Mama, ningeitika ningeshindwa."

Tangu hapo usingizi sina. Lakini mtoto wa miaka sita nitamkatazaje kucheza? Nikaenda kwa nyapara kuomba uwanja wa wazi kando ya meza za kuanikia kahawa. Akacheka, akauliza tangu lini watoto wa vibarua wakapewa uwanja. Nikamwambia, "Basi wakipigwa risasi, utawazika wewe." Akaacha kucheka, akapeleka maneno kwa mzungu mwenye shamba.

Tumepewa uwanja, Jumapili tu. Ila mama mmoja awalinde, na kila mtoto avae nyeupe, aonekane kutoka mnara wa askari. Watoto wetu wanavaa kaki na magunia, rangi ya udongo mtupu. Na ruhusa ya kwenda madukani Thika hatupati mpaka kahawa iishe.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu fundi cherehani, na mjomba mwalimu wa kanisa, mwambie atuombee.

Mimi mdogo wako,
Mkamburi

Ninavyohitaji: kitambaa cha bafta nyeupe yadi kumi na mbili, si kile cha marekani, hicho kinashika udongo upesi. Uzi mweupe. Kamba ya katani ya bembea. Mpira wa matambara, kama wanao wameuchoka. Vikikushinda, acha kamba, acha mpira, leta bafta. Gauni la Wakio shemeji alishone kabisa, na alikate refu, ili hata akijificha pindo lionekane.