Kocha Wangu Ni Kaka Yangu, na Neno Lenyewe Silitamki Mbele Yake

Mpendwa Shangazi Vaosa,

Nakuomba unisaidie, na tafadhali usikitaje kijiji chetu, sema tu kisiwa cha Savaii, maana bibi yangu husomewa ukurasa wako kila Jumamosi na anawajua watu kwa namna wanavyolalamika.

Nimemaliza shule mwaka jana. Mimi ni mtu wa haya, tangu zamani, hata mwalimu akiita majina nilikuwa nainua mkono badala ya kuitika, kwa hiyo nilipomaliza na nikawa nakaa tu nyumbani nikisuka mikeka na kupika, wazazi wakasema huyu anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwonyesha njia, anahitaji kocha, kama wanavyofanya wenzetu walioko ng'ambo, Auckland, na bahati nzuri, au mimi ndiye sijui kama ni bahati, kaka yangu Aukuso alikuwa amerudi kutoka hukohuko Auckland na cheti cha ukocha, alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wa kampuni ya mizigo namna ya kupanga maisha yao, na baba akasema kwa nini tumpe mtoto mtu baki wakati kocha tunaye ndani.

Aukuso ni mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo ni kaka kamili, nami ni dada yake kamili. Unajua mwenyewe yale yasiyotamkwa kati ya kaka na dada. Sivai kaptula akiwepo, hatutaniani, na redio ikianza wimbo wa mapenzi mmoja wetu anainuka kwenda kuangalia kuku.

Sasa hebu fikiria. Tunakaa kwenye fale, nyumba yetu ya nguzo isiyo na kuta, yeye ameegemea nguzo ya huku na mimi ya kule, bibi yuko katikati anakwangua majimbi, na Aukuso anasema kwa sauti ya ukocha, "Haya dada, fumba macho. Itazame kesho yako. Unaona nini?"

Nikafumba, nikaogopa, nikasema, "Mkeka."

Bibi akacheka mpaka jimbi likamponyoka. "Kafumba macho na bado anaona mkeka! Huyu atafika mbali, mwacheni."

Siku nyingine akafungua kitabu chake akaanza kusoma, "Sehemu inayofuata inahusu mambo ya... ya moyo, na mahusiano, na mwili wa..." Akakohoa. Masikio yakamwiva. Akageuza kurasa mbili kwa pamoja. "Hayo tuyaruke. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri sana. Leo tumefanya kazi kubwa."

Shangazi, si mtu mbaya. Ananipenda, na hajawahi kunipandishia sauti. Lakini kila akiniuliza ndoto yangu ni nini nainamisha kichwa, kwa sababu ndoto yangu ni ukunga. Mwaka juzi mama mdogo Lupesina alishikwa na uchungu mchana wa mvua kubwa, mto ukawa umefunika barabara, mkunga wa wilaya akaja kwa miguu akiwa ametapakaa tope hadi kiunoni, wanaume wote wakaondoka, nikabaki mimi kumshikilia mama mdogo mgongo, na sikuona haya hata kidogo, ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilisahau kuona haya, na mtoto alipolia yule mkunga akanitazama akasema, "Mikono yako haina papara, msichana. Umeshafikiria kazi hii?" Tangu siku hiyo sijafikiria nyingine. Lakini nitamwambiaje kaka? Nianze kutaja uzazi mbele yake, na yeye alishindwa hata kulivuka neno mwili? Afadhali nimeze ulimi.

Basi nikawa nasema "chochote," na "sawa," na mara nyingi natikisa kichwa tu kuitikia. Yeye akaandika kwamba nimekubali. Akaniombea kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya rafiki yake kule mjini Apia, kisiwa cha pili, nikakubaliwa bila hata kuonwa, na Jumapili baada ya kanisa baba akainuka kwenye chakula akatangaza, shangazi zangu wakapiga makofi, bibi akalia kwa furaha, na Aukuso akawa anatazama chini akitabasamu kama mtu aliyejenga nyumba. Natakiwa hotelini Jumatatu ijayo. Maombi ya chuo cha uuguzi, ambako ukunga huanzia, yanafungwa mwisho wa mwezi huu, na nikishaanza kazi najua hakuna atakayeniruhusu kuacha.

Kuna jambo jingine. Hapa kijijini yuko mama mmoja, Moelagi, anayekaa na wasichana waliomaliza shule kila Jumatano kwenye nyumba ya kamati ya akina mama, naye pia ni kocha, alisomea. Nilipita pale kupeleka majani ya mikeka akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, "Na wewe, unataka nini?" nami nikajisikia nikisema, "Kuzalisha akina mama," halafu nikakimbia. Lakini ni wa kanisa jingine, ana sauti kubwa, na watu wanasema aliwahi kumsukuma Fiapaipai, jirani yetu, aende Australia kuchuma matunda na mwenzetu akarudi analia. Binamu yangu anasema, "Ukienda kwa yule, umemvua kaka yako shati hadharani."

Je, nimvumilie kaka, au niende kwa Moelagi? Na kama ni kuondoka, naondokaje bila kumwaibisha mtu ambaye hajanikosea?

Mimi mwenye haya,
Savaii


Binti yangu,

Umenichekesha kwa ule mkeka, halafu umeniliza. Sasa pangusa macho, maana nataka kukugombeza kidogo.

Kutikisa kichwa ni kujibu. Wewe umejibu mara nyingi, na majibu yako yote hayakuwa ya kweli. Kaka yako kajenga juu ya hayo aliyopewa. Usimlaumu kwa hilo, na naona humlaumu, moyo wako ni mzuri. Lakini haya yako isigeuke kuwa njia ya kuwaacha wengine wakuamulie halafu wewe ukasononeke jikoni.

Na ninyi wazee, akiwemo bibi yeyote anayesomewa ukurasa huu huku akikwangua majimbi: mlitegemea nini? Mmemkalisha msichana mbele ya kaka yake mkamwambia afungue moyo. Ninyi wenyewe ndio mliomfundisha kuufunga.

Aukuso ni kocha mzuri wa wachukuzi wa mizigo. Kwako hawezi kuwa kocha, na si kwa sababu ya cheti wala tabia. Kocha wako ni yule unayeweza kumwambia jambo lenyewe kwa jina lake. Hilo likikosekana, mengine yote ni mapambo. Naye analijua hilo. Mwanamume hageuzi kurasa mbili kwa pamoja kwa bahati mbaya. Yupo pale kwa sababu aliombwa na baba yako, na kama wewe, alishindwa kukataa. Mko wawili mnaoteseka kwa adabu.

Kwa hiyo usiende kwake. Nenda kwa mama yako, leo, kabla ya sala ya jioni. Mwambie neno lile uliloniambia mimi, usilizungushe. Mama ndiye atakayemwambia Aukuso, naye anajua maneno ya kutumia. Halafu mwachie kaka yako kazi inayomhusu kaka: yeye aende kwa rafiki yake airudishe ile nafasi ya hoteli, yeye aseme mbele ya baba yako kwamba dada yake ana njia nyingine. Hapo hatavuliwa shati. Atasimama kama kaka, na nadhani atapumua.

Kuhusu Moelagi, usimkimbilie kwa sababu tu alikuuliza swali zuri siku moja. Nenda kwanza kwa Fiapaipai ukamuulize: alikusukuma, au ulitikisa kichwa kama mimi? Jibu lake litakufundisha kuhusu Moelagi na kuhusu wewe mwenyewe. Kisha nenda Jumatano, na mama mdogo Lupesina awe pamoja nawe, umuulize Moelagi mbele yake: "Nikiukataa ushauri wako, utafanya nini?" Akikasirika, aga kwa heshima uondoke. Akicheka akasema tutatafuta mwingine, kaa. Kanisa lake si shughuli yako, huendi kubatizwa. Sauti kubwa nayo isikutishe, wewe tazama kama akishauliza ananyamaza akasikiliza. Na ukijikuta tena unarudi nyumbani umesema "chochote," basi huyo naye si wako, hata awe mwanamke, hata awe malaika.

Maombi ya chuo yapeleke wiki hii, usisubiri kocha yeyote. Yule mkunga aliyetembea kwenye tope mtafute pia, mwombe akuandikie maneno machache. Anakukumbuka, nina hakika.

Jambo la mwisho, na hili lishike. Mama aliye kwenye uchungu hawezi kungoja mkunga wake amalize kuona haya. Siku moja utalazimika kumwambia daktari mwenye majivuno, "Hapana, mama huyu anavuja damu, njoo sasa." Anza mazoezi nyumbani, kwa mama yako, jioni hii.

Na siku ya kwenda chuoni, mwache Aukuso akubebee begi mpaka kwenye meli. Atatembea mbele, wewe nyuma, na hamtahitaji kuambiana chochote.

Shangazi Vaosa