Doa la Unyayo wa Kushoto

Footscray, Melbourne, tarehe 9 Machi 2019. Ni miaka arobaini na miezi minne tangu niondoke Sa Dec, mji wetu wa mtoni.

Mpendwa mshauri Bi Hanh, naomba msaada wako, nami naomba kwa aibu, maana nimekuwa msomaji wa ukurasa wako tangu gazeti letu lilipokuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, na sikudhani siku moja nami ningeketi kukuandikia, mtu wa miaka sabini na miwili, niliyefiwa na mke, niliyefundisha jiografia kabla ya kuondoka na kushona viti vya magari kiwandani baada ya kufika, na jambo lenyewe linaloninyima raha ni doa.

Liko chini ya unyayo wa kushoto, karibu na kisigino. Nilikuwa nalo tangu utotoni, jeusi, laini, la ukubwa wa mbegu ya papai, na aliyeliona kwanza ni mama, siku aliyokuwa akiniosha matope kwenye mtungi mkubwa wa maji ya mvua nyuma ya jiko letu. Wewe ni mtu wa kusini mwa nchi yetu kama mimi, kwa hiyo utamkumbuka mzee wa sokoni mwenye karatasi iliyochorwa uso wa mtu uliojaa nukta, kila nukta na maana yake pembeni, hii ya bahati, hii ya mume mlevi, hii ya kufa majini. Wetu alikaa karibu na muuza samaki wa chumvi, na mbele yake palikuwa na kikopo cha chokaa ya tambuu na fungu la vijiti vya ubani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mama alipotupeleka kwake, mimi na mdogo wangu wa mwisho, Ut, aliyekuwa na miaka saba na doa chini ya jicho la kulia, pale pale machozi yanapopita, na kwetu kila mtu anajua kwamba doa la mahali hapo huondolewa kabla msichana hajakua. Yule mzee akaikwaruza ngozi, akachovya ncha ya kijiti kwenye chokaa, akagusa. Ut alilia hadi wauza samaki wakaacha mizani zao wakaja kutazama, na mzee akamwambia kwa upole kabisa, "Lia sana leo, mjukuu wangu, maana hii ndiyo mara ya mwisho."

Kisha akauinua mguu wangu, akacheka peke yake, akamwambia mama, "Huyu usimguse. Huyu ataenda mbali."

Mama akamuuliza, "Na kurudi je?"

Mzee alimtazama mama usoni kwa muda, nami leo nadhani alimhurumia tu, akajibu kwamba doa litakalonipeleka ndilo litakalonirudisha.

Asubuhi niliyoondoka, mwaka 1978, mama alinikalisha kwenye ngazi ya jikoni, akanifuta unyayo kwa kitambaa chake cha kichwani, kile cha miraba, akalibonyeza doa kwa kidole gumba. Hakunipa wosia mwingine. Alisema, "Uutunze mguu huu." Nami nimeutunza, Bi Hanh. Miaka yote ya kiwandani sikuukanyagisha chini bila soksi, hata katika joto la Januari ambapo wenzangu walitembea peku kwenye vyumba vya kupumzikia. Mama alifariki mwaka 1991 nami sikwenda kumzika, kwanza kwa hofu ya utawala nilioukimbia, kisha kwa kazi, kisha mke wangu akaugua miaka sita, na baada ya kumzika hapa sikuwa tena na sababu ya kutaja, ila bado sikwenda. Kila mwaka inapokaribia siku ya kumkumbuka mama, Ut hunipigia simu na kuniuliza, "Kaka Nam, mwaka huu?" nami humjibu, "Mguu bado haujasema." Tunacheka. Umekuwa mzaha wetu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa mguu umesema, lakini si nilichokuwa nikikingojea. Tangu mwaka jana doa limekua, kutoka mbegu ya papai hadi mbegu ya ukwaju, ukingo wake umetawanyika kama wino kwenye karatasi iliyolowa, upande mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya chai. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilikwenda kwa jirani yangu Bibi Thoi, mwenye miaka themanini na minane, ambaye bado anatafuna tambuu na kutema kwenye kopo la maziwa ya unga, nikamwomba chokaa kidogo, si ya kuliondoa bali ya kulirudisha liwe dogo kama zamani. Akalitia mara tatu kwa ncha ya kijiti, kama kule sokoni. Lilikauka, likabanduka, likarudi pana zaidi na lenye majimaji. Binti yangu Quynh aliona damu kwenye soksi alipokuwa akifua, akanigombeza kama mtoto, akanipeleka kwa Daktari Hallam. Daktari alilimulika kwa kioo chenye taa, kisha akasema lazima litolewe lote na kupelekwa maabara, akatupa tarehe 21 mwezi huu. Nilimuuliza kama anaweza kutoa nusu. Quynh alicheka. Daktari hakucheka.

Niliwaambia nitafikiri. Nikampigia Ut nikitaka anihurumie, nikamweleza kwamba wanataka kunikata kile kitu ambacho kingenirudisha kwake, naye akaniambia, "Kaka, mimi walinitoa doa la machozi nikiwa na miaka saba, na nyumbani hakuna aliyelia kunishinda. Wewe walikuachia lako la kurudi, na hujarudi." Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula.

Basi nieleze, wewe uliyekuwa muuguzi: watanifanya nini siku hiyo, itauma kiasi gani, nitatembea tena lini, na swali la mwisho, ambalo mtu aliyefundisha shule hapaswi kuliuliza: wakilitoa, nitarudi na nini?

Ni mimi, Unyayo wa Kushoto.

*

Kaka yangu Unyayo wa Kushoto,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, na ninakujibu hasira haijaisha. Nimemwomba mhariri aitangulize mbele ya barua ya yule mama na mkwe wake, ambao wamegombana miaka tisa na wanaweza kungoja wiki moja zaidi.

Utakwenda tarehe 21. Hakuna cha kufikiri. Doa linalokua, linalobadilika rangi, lenye ukingo uliotawanyika na linalotoa damu halisubiri mtu afikiri. Najua unajiambia kwamba unyayo hauoni jua, umeuficha kwenye soksi miaka arobaini, utapataje saratani ya ngozi, ugonjwa wa watu wa ufukweni? Kaka, kwa sisi, na kwa watu wote wenye ngozi ya rangi, lile doa baya hupenda mahali hapo hapo: nyayo, viganja, chini ya kucha. Halihitaji jua. Mimi sijui kama lako ni baya. Daktari naye hajui, ndiyo maana anataka kulitoa. Na nusu haitolewi, kwa sababu anayelipima lazima alione lote, kutoka ukingo hadi ukingo na kina chake.

Ukifika, mwambie daktari habari ya chokaa, mara ngapi na lini, usifiche hata moja kwa aibu. Anayekitazama kipande kwenye hadubini lazima ajue kwamba ngozi hiyo imeunguzwa, asije akasoma kidonda cha chokaa akadhani ni kitu kingine. Mtajie pia dawa zote unazomeza, hasa kama ipo ya kuzuia damu kuganda, wala usiiache mwenyewe kabla hajakuambia. Na ile chokaa ya Bibi Thoi irudi kwenye kisanduku chake cha tambuu ikakae na popoo.

Siku yenyewe utalala kifudifudi. Watalipiga picha, watachora mstari kulizunguka kwa kalamu, kisha sindano ya ganzi. Sitakudanganya: sindano ya unyayo inauma kuliko ya mahali pengi, inachoma kama umekanyaga kaa la moto, na utataka kuuvuta mguu. Usiuvute. Hesabu hadi thelathini. Baada ya hapo utahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini si maumivu. Ukihisi maumivu sema, wataongeza ganzi, hakuna nishani ya kuvumilia. Nusu saa hivi, pengine pungufu. Kipande kitatiwa kwenye kichupa chenye dawa, nawe utashonwa nyuzi. Jioni ganzi itaisha na mguu utapwita, umeze dawa watakayokupa, uuweke juu ya mito miwili.

Usiulowanishe siku mbili. Usiukanyage mpaka wakuruhusu, tembea kwa magongo, na huyo Quynh akikugombeza mshukuru. Nyuzi za unyayo hukaa wiki mbili hadi tatu kwa sababu ngozi ya pale ni nene na hupona polepole. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi na tano bila kuchungulia. Mguu ukiwa mwekundu na wa moto, ukitoa usaha, au ukipata homa, rudi siku hiyo hiyo. Sasa nisikilize vizuri, maana nawajua watu wetu: hutapaka manjano mabichi kwenye kidonda, hutapaka yale mafuta ya kijani ambayo tunayapaka kila kitu kuanzia mafua hadi mapenzi, na hutajinyima mayai, nyama ya ng'ombe na wali wa kunata eti kovu litavimba. Nimeona wagonjwa wetu wakipona taratibu kwa kula uji mtupu huku majirani wakiwasifu kwa kujizuia. Kula samaki. Kula mayai.

Majibu yatachukua wiki moja au mbili. Yakiwa mazuri, umepoteza doa. Yakiwa mabaya, watakata tena kwa upana zaidi, wataangalia tezi za kinenani, na utashukuru kwamba hukuendelea kufikiri. Nenda kuyapokea ukiwa na Quynh, kwa sababu masikio ya mtu mwenye hofu husikia neno moja tu.

Nimebakisha swali lako la mwisho. Kwetu Can Tho msoma madoa alikuwa mwanamke. Nilikuwa na doa begani, akasema huyu atabeba mizigo ya watu, akaliunguza kwa chokaa ile ile nikiwa na miaka minane. Kisha nikafanya kazi ya kuwainua wagonjwa kitandani kwa miaka thelathini na mmoja. Kovu ninalo, na mgongo mbovu ninao. Nakumbuka harufu ya lile soko na namna mama yangu alivyonishika mkono, na nisingekubali kuipoteza kumbukumbu ile kwa chochote. Lakini yule mwanamke hakujua lolote kuhusu bega langu, wala yule mzee hakujua lolote kuhusu mguu wako. Alimwona mama aliyeogopa, akampa neno la kumtuliza, na mama yako akakupa neno hilo ufuatane nalo. Hilo haliko kwenye ngozi. Daktari hawezi kulikata.

Uliulizwa mwaka hata mwaka na mdogo wako, nawe ukauacha mguu ujibu. Huo ndio uliokuwa mzaha wenu, kaka, na nadhani aliyecheka kweli ni mmoja tu. Mpigie Ut kabla ya tarehe 21. Usimwambie mguu umesema nini. Mwambie wewe umesema nini, unakwenda au huendi, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Halafu nenda ukatolewe doa.

*

Footscray, tarehe 26 Mei 2019.

Bi Hanh, nimefanya kama ulivyoniagiza, ila mayai nilichelewa siku tatu kwa sababu Bibi Thoi alikuja kunilinda nisiyale.

Sindano ilikuwa kama ulivyosema. Nilifika ishirini na sita. Nyuzi zilikaa siku kumi na nane. Majibu yalikuwa mabaya, lakini daktari alisema limekutwa bado juu juu, halijazama, kwa hiyo walikata tena kwa upana na kubandika kipande cha ngozi kutoka pajani, na sasa nitatazamwa kila miezi mitatu. Natembea hadi sanduku la barua kwa fimbo. Siku ile ya kwanza nilimwomba daktari anionyeshe kile kichupa kabla hakijafungwa. Lilikuwa kitu kidogo, Bi Hanh, kimeelea kwenye maji yake kama kitu kilichodondoka kutoka kwenye tunda. Nilijaribu kuamini kwamba kilinivusha kutoka Sa Dec, nikashindwa.

Nilikuwa nimeshampigia Ut siku mbili kabla. Nilimwambia kwamba si mguu, ni mimi. Nilimwambia kwamba ukingo wa mto umebomoka na ngazi ya jikoni ya mama imekwenda na maji, yeye mwenyewe aliniambia, nami sina nguvu ya kufika nikute mahali ilipokuwa. Nilimwambia wifi yake amelala hapa, na kila Jumapili nafagia kaburi lake, na nikienda nani atafagia. Kisha akasema, "Ungesema mapema, kaka. Ningeacha kukutandikia kitanda."

Sikujua kuhusu kitanda.

Baadaye alitaka picha ya kovu, Quynh akampelekea. Akajibu kwamba sasa sote wawili tumetolewa, kwa hiyo tumefanana, na kwamba siku ya mama atanitengea bakuli langu mezani kama kawaida na yeye ndiye atakayelila. Nilicheka, na safari hii alicheka naye.

Nimeandika haya ili wasomaji wako wajue ilivyokwisha, na ili nilione neno lenyewe limeandikwa. Sitarudi.