Neno Lililokuwa Ukutani kwa Mama Akinyi

Mjukuu wangu Achieng',

Huku Kawangware hatujambo. Shangazi yako amejifungua msichana. Barua yako haina hata koma moja, lakini nimeielewa: unaona aibu kusaidiwa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi mlizopewa shuleni.

Nikiwa msichana mtaani Gatwekera, mwalimu alitupatia herufi A, R na T tutafute neno la Kiingereza lenye zote tatu. Mwenye neno refu kuliko wote angepewa kamusi, nami niliitamani mno. Nikaenda kwa jirani yetu, Mama Akinyi, kusoma magazeti yaliyobandikwa ukutani. Yeye hakujua kusoma, basi nikamchorea herufi zile. Mimi nilizama katika habari za siasa. Yeye aliuchambua ukuta kama mchele.

“Wee msichana, si hizi hapa?”

Lilikuwa tangazo lenye picha ya friji, na neno lenyewe ni “refrigerator”.

“Na mimi miaka yote nikidhani ni kabati!”

Niliposhinda, aliomba nimwonyeshe jina lake katika kamusi. Halikuwamo. Nikaliandika jaladani, juu ya langu.

Akupendaye,
Nyanya yako