Baba, Ule Mlio Haukuwa Wewe

Baba,

Shikamoo. Huku Gare hatujambo, ila wewe umesingiziwa, na nimeona nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine wanaokuja huko.

Siku ya arobaini yako watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Ukungu haukuondoka tangu asubuhi. Mdogo wako, Baba Mdogo Zakaria, alipanda kutoka joto lake la Mazinde amevaa makoti mawili na bado anatetemeka.

"Rehema, chai bado tu?"

Nikamwambia tuna birika moja la umeme, linachemka.

"Azimeni la pili! Watu watakufa kwa baridi, tuanze arobaini nyingine."

Likaletwa la jirani. Mimi nilikuwa napokea wageni, sikuona kwamba limechomekwa kwenye ekstensheni ileile ya birika la kwanza na spika. Wala sikujua kwamba Shangazi Eliza yuko nyuma ya mlango wa jikoni, naye kachomeka pasi hapohapo, ananyoosha majoho ya kwaya itakayoimba mwisho.

Baada ya ibada mabirika yote mawili yakawashwa, na Baba Mdogo akashika kipaza sauti. Akakusifu vizuri, mpaka Mama akalia. Kisha akasema, "Ile karakana ya umeme ya marehemu kaka yangu, nimeamua kuanzia leo iwe stoo ya viazi vyan..."

Paa! Spika ikanguruma, ikanyamaza. Taa ya jikoni iko sawa, spika imekufa. Halafu bibi mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Amekataa! Mwenyewe amekataa!"

Baba, mdogo wako alipiga magoti. Kwenye tope, na makoti yote mawili.

"Kaka, nisamehe! Karakana ni ya Rehema! Viazi nitaweka kwangu!"

Watu wakapiga makofi. Mchungaji alikuwa ameinama kutafuta miwani, akasikia makofi, akasema "Amina."

Na mimi nikanusa plastiki inayoungua.

Nilifuata waya wa spika mpaka jikoni, nikaikuta fyuzi ya ekstensheni imepasuka. Wageni walipoondoka nikachukua kipimo chako cha umeme, nikapima kila kitu peke yake kwenye soketi ya ukutani. Ulinilea hivyo. Nikikuambia kitu fulani kinakula umeme sana, unaniuliza, "Sana ni ngapi?" Unakumbuka nilipokuwa kidato cha pili ukanipimisha pasi mpaka sketi ya shule ikatoboka? Ulinisindikiza mpaka shuleni ukamwambia mwalimu, "Sketi imeungua, lakini wati amezijua."

Volti zilikuwa mia mbili thelathini. Kila birika lilivuta ampea kumi, pasi tano, spika moja. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani wa birika ni omu ishirini na tatu, wa pasi arobaini na sita. Zidisha volti kwa ampea: birika wati elfu mbili mia tatu, pasi elfu moja mia moja na hamsini. Vyote pamoja ni ampea ishirini na sita, karibu wati elfu sita, zinapita kwenye fyuzi ya ampea kumi na tatu. Mara mbili kamili.

Siku mbili nilinyamaza, nisikufiche. Nikisema, karakana inageuka viazi. Lakini Baba Mdogo hakurudi Mazinde. Alikuwa anaogopa kupita mbele ya karakana, akawa anazungukia kwenye kabichi za jirani, mpaka jirani akaja kushitaki. Nikamhurumia. Nikamwita.

Aliingia karakana amevua kofia. Nikawasha spika peke yake, nikamwambia, "Rudia yale maneno."

"Mimi? Hapana!"

"Rudia, Baba Mdogo. Niko hapa."

Akafumba macho. "Karakana... iwe... stoo ya viazi." Hakuna kilicholipuka. Spika inaimba tu.

"Sasa ziba mdomo."

Akaziba kwa mikono miwili. Nikachomeka mabirika mawili na pasi kwenye ekstensheni niliyoitia fyuzi mpya, nikasogea pembeni. Tukangoja. Paa! Alifika mlangoni kabla sijageuka, mikono ingali mdomoni.

Nikamrudisha, nikamwandikia hesabu nyuma ya ratiba ya arobaini. Nikamwonyesha kwamba kila unapochomeka kingine, unaufungulia umeme njia nyingine ya kupita. Ukinzani wa jumla unashuka, ampea zinapanda, fyuzi inachoka. Akaisoma mara tatu.

"Kwa hiyo mimi nimelipigia magoti birika?"

"Mawili, Baba Mdogo. Na pasi."

Akakaa kwenye kiti chako, akaanza kuisoma mara ya nne. Nilishaanza kuangalia ni vifaa vipi nibebe kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapa. Karakana baki nayo. Nikibadili neno, ukoo mzima utaniuliza kwa nini siogopi tena. Nitawajibu nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na dukani kwangu friji inachemsha plagi. Uje uipime."

Alipotoka aliugusa mlango, akasema, "Kaka, kwaheri," kwa adabu zote.

Mama nimemweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke.

Alhamisi nashuka Mazinde kuiona hiyo friji. Nakuahidi sitasema neno mpaka nipime, na siku nikikosea hesabu nitakiri mbele ya mwenye nyumba.

Ila kuna kitu sikumwambia hata Mama. Ule mlio ulipolia, kabla sijanusa ile plastiki, na mimi niligeuka kukutafuta.

Kwaheri, Baba. Pumzika.

Binti yako,
Rehema